Chevalier Jackson

Chevalier Jackson (4 Novemba 1865 – 16 Agosti 1958) alikuwa daktari wa koo na mapafu kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa kuifanya bronkoskopi, yaani kutazama ndani ya mapafu kwa bomba linalopitishwa kinywani, iwe salama kwa mgonjwa.

Maisha

Alizaliwa Pittsburgh, Pennsylvania, katika familia isiyo na mali, na shuleni alionewa sana na wenzake. Ili apate ada ya chuo alichora mapambo kwenye vyombo vya kioo na kauri. Mkono huo ulimfaa baadaye, kwani picha nyingi za vitabu vyake alizichora mwenyewe. Alihitimu udaktari huko Philadelphia mwaka 1886. Mwaka 1911 aliugua kifua kikuu, akaendelea kuandika akiwa kitandani. Mwaka 1916 alihamia Philadelphia kufundisha.

Kazi

Mwaka 1890 alitengeneza bomba la kutazamia umio. Madaktari wengine walilitumia bila mazoezi, wakatoboa umio wa wagonjwa, na baadhi ya wagonjwa wakafa. Jackson akaacha kulieneza kwa muda. Tangu hapo alidai kila mwanafunzi afanye mazoezi ya kutosha kabla ya kumgusa mtu.

Upande wa mapafu alitanguliwa na Gustav Killian wa Ujerumani, aliyetoa mfupa katika njia ya hewa ya mkulima mwaka 1897. Jackson aliweka taa ndogo kwenye ncha ya bomba, akaweza kuona anachoshika. Alitoa sarafu, pini, vifungo na hasa karanga, ambazo humpalia mtoto wa Sekenke sawasawa na yule wa Pittsburgh. Vitu 2,374 alivyokusanya vimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Mütter, Philadelphia.

Alisanifisha pia upasuaji wa kutoboa koo la hewa. Mwaka 1921 alionyesha kwamba kukata juu mno, karibu na koromeo, ndiko kulikosababisha njia ya hewa kusinyaa baadaye.

Baada yake

Tundu hilo la kooni ndilo lililotumika Copenhagen mwaka 1952, wakati wa mlipuko wa polio, wanafunzi walipowapumulia wagonjwa kwa mkono. Huko ndiko ulikoanza uangalizi wa wagonjwa mahututi. Katika miaka ya 1960 Shigeto Ikeda wa Japani alitengeneza bronkoskopi inayopinda, ambayo hupita hata ndani ya mpira wa mashine ya kupumulia.

Kwa njia hiyo daktari anaweza kuchukua kipande kidogo cha pafu la mgonjwa aliye kwenye mashine. Hatari ni kubwa kuliko kwa mgonjwa anayepumua mwenyewe: mashine husukuma hewa kwa nguvu, hivyo pafu lililotobolewa huvujisha hewa kifuani upesi, na damu inaweza kujaa katika njia ya hewa. Kwa hiyo kipimo hicho hufanywa pale tu jibu lake linapoweza kubadili matibabu.