Hermann von Helmholtz: Aliyetuonyesha ndani ya jicho

Mgonjwa wa kisukari anapoambiwa akapimwe macho, iwe ni Bariadi mkoani Simiyu, Mwanza au Moshi, kusoma herufi za ukutani peke yake hakutoshi. Daktari anataka kuona nyuma kabisa ya jicho, kwenye retina. Njia ya kufika huko ilifunguliwa mwaka 1850 na Mjerumani aliyesomea udaktari kwa sababu baba yake hakuwa na fedha za kumsomesha fizikia.

Helmholtz alizaliwa lini na wapi?

Hermann Helmholtz alizaliwa tarehe 31 Agosti 1821 mjini Potsdam, karibu na Berlin. Baba yake alikuwa mwalimu wa sekondari na mshahara wake haukuwa mkubwa. Kijana alipenda fizikia, lakini masomo hayo yalihitaji fedha ambazo familia haikuwa nazo. Njia iliyobaki ilikuwa chuo cha madaktari wa jeshi mjini Berlin. Serikali ya Prussia ilimlipia masomo, naye akaahidi kulitumikia jeshi akihitimu.

Alimaliza masomo mwaka 1842, kisha akawa daktari wa jeshi Potsdam. Fizikia hakuiacha. Mwaka 1847, akiwa na umri wa miaka 25, alitoa andiko lililoeleza kwamba nishati haipotei, bali hubadilika kutoka umbo moja kwenda jingine. Hadi leo wanafunzi wa sekondari Tanzania wanaisoma kanuni hiyo darasani. Baadaye aliondolewa jeshini mapema, na miaka miwili baada ya andiko hilo akapewa kazi ya kufundisha chuo kikuu cha Königsberg, mji ambao leo uko Urusi na unaitwa Kaliningrad.

Alikiundaje kioo cha kuchungulia jicho?

Mwaka 1850 Helmholtz alikuwa akiandaa somo kwa wanafunzi wake. Alitaka kuwaeleza kwa nini mboni ya jicho huonekana nyeusi, wakati jicho la paka usiku hung'aa likimulikwa.

Jibu lake lilikuwa hili: mwanga unaoingia kwenye mboni hurudi kwa njia ileile uliyoingilia. Ili uone ndani, jicho lako lazima likae kwenye njia hiyo. Lakini ukisogeza kichwa hapo, unaiziba taa, na jicho unalolitazama linabaki giza.

Helmholtz alichukua kioo chembamba cha kawaida na kukiweka mshazari kati yake na jicho la mtu mwingine. Taa ikawekwa pembeni. Kioo kikarudisha sehemu ya mwanga wa taa kuingia kwenye mboni, naye akatazama kupitia kioo hichohicho. Kifaa cha kwanza alikiunda kwa karatasi ngumu, gundi, lenzi za miwani na vioo vyembamba vya hadubini. Alitumia siku chache tu. Anatambuliwa kuwa mtu wa kwanza kuiona vizuri retina ya binadamu aliye hai, pamoja na mishipa yake ya damu.

Desemba 1850 habari hiyo ilifikishwa kwa wanafizikia wa Berlin, na mwaka 1851 akachapisha kitabu kidogo kuhusu kifaa hicho, ambacho kitaalamu huitwa ofthalmoskopu. Kabla yake, Charles Babbage wa Uingereza alikuwa ameunda chombo kinachofanana nacho, lakini daktari aliyeonyeshwa hakuona faida yake na kikasahaulika. Helmholtz alibahatika kupata madaktari waliokielewa. Albrecht von Graefe, daktari kijana wa macho wa Berlin, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukitumia kwa wagonjwa.

Kisukari kiliingiaje katika habari hii?

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga na kupeleka taarifa kwenye ubongo. Ni mahali ambapo daktari anaweza kuiona mishipa midogo ya damu moja kwa moja, bila kumpasua mtu.

Mwaka 1855 Eduard Jäger wa Vienna, akitumia kifaa cha aina hiyo, alieleza madoa ya manjano na damu iliyovuja katika retina ya mgonjwa wa kisukari. Wapo waliokataa kwamba kisukari ndicho chanzo, akiwemo von Graefe mwenyewe. Ubishi uliendelea kwa miaka mingi, mpaka ushahidi ulipoongezeka.

Leo inajulikana kwamba sukari nyingi kwenye damu kwa miaka kadhaa hudhoofisha kuta za mishipa hiyo. Huvimba vijipu vidogo, huvuja damu na mafuta, na baadhi huziba. Jicho likikosa damu ya kutosha huotesha mishipa mipya, lakini ni dhaifu na hupasuka kwa urahisi. Hapo mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa ghafla.

Hatari yake ni kwamba mwanzoni hakuna maumivu, na mgonjwa huendelea kuona vizuri.

Kamera ilifikaje kwa wagonjwa?

Ofthalmoskopu ina upungufu mmoja: anachokiona daktari hakibaki. Mwaka 1886 ilichapishwa picha ya kwanza ya retina ya mtu aliye hai, na mwaka 1926 kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ikaanza kuuza kamera ya retina. Picha inaweza kutunzwa, kulinganishwa na ya mwaka uliopita, na kutumwa kwa mtaalamu aliye mbali.

Afrika Mashariki imeitumia faida hiyo. Tangu mwaka 2010, mpango wa hospitali ya KCMC mjini Moshi umekuwa ukipeleka kamera kwenye kliniki za kisukari za hospitali za wilaya mkoani Kilimanjaro. Nchini Kenya, watafiti walijaribu huko Nakuru kifaa cha kupachika kwenye simu kinachopiga picha za nyuma ya jicho. Siku hizi zipo pia programu za kompyuta zinazosoma picha na kutaja anayehitaji kuonwa na daktari.

Helmholtz aliishiaje?

Alifundisha pia Bonn na Heidelberg, kisha Berlin, na safari hii alifundisha fizikia aliyoitamani tangu ujana. Mwaka 1883 alipewa cheo cha ukabaila na kuanza kuitwa von Helmholtz. Mwanafunzi wake Heinrich Hertz ndiye aliyethibitisha kuwepo kwa mawimbi ya redio. Kila redio inapotaja megahezi zake, inataja jina la mwanafunzi huyo.

Helmholtz alifariki dunia tarehe 8 Septemba 1894 karibu na Berlin, akiwa na umri wa miaka 73.

Wenye kisukari Simiyu wafanye nini?

Kwa mkulima wa pamba wa Itilima au Meatu, safari ya kwenda kwa daktari wa macho, pengine hadi Bugando jijini Mwanza kupitia Lamadi, ni nauli na siku za kazi. Ni rahisi kuiahirisha wakati macho bado yanaona. Lakini huo ndio wakati unaofaa. Matibabu ya mionzi ya leza na sindano za jicho hufanya kazi zaidi kuzuia madhara kuliko kurudisha uwezo wa kuona uliokwisha kupotea.

Mwenye kisukari cha aina ya pili anashauriwa kuchunguzwa retina mara tu anapogundulika, kisha kila mwaka. Mwenye aina ya kwanza aanze ndani ya miaka mitano, na mjamzito mwenye kisukari achunguzwe mapema. Ukungu machoni usidhaniwe tu kuwa ni mtoto wa jicho, na miwani haitibu retina. Kudhibiti sukari na shinikizo la damu hupunguza madhara.

Siku ya kipimo unaweza kuwekewa dawa ya kupanua mboni, na macho yatakuwa na ukungu kwa saa kadhaa. Nenda na mtu wa kukusindikiza, na usiendeshe baiskeli wala pikipiki kurudi nyumbani. Ukiwa kliniki ya kisukari, uliza swali moja: retina yangu imeangaliwa mwaka huu?