Daktari Burkitt na Ramani ya Ugonjwa

Mtahiniwa, usione takwimu kuwa mada ya kukupatia alama za Hisabati au Jiografia tu. Soma maisha ya daktari huyu ujue kwa nini takwimu huchorwa.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Alipoteza jicho moja utotoni, lakini alisoma hadi akawa daktari wa upasuaji. Mwaka 1946 alikuja Uganda, nchi inayopakana na mkoa wetu wa Kagera. Alianzia kazi Lira, kisha akahamia Kampala, Hospitali ya Mulago.

Mwaka 1957 alioneshwa mtoto mwenye uvimbe katika taya zote. Muda si mrefu akamwona mwingine huko Jinja. Ilikuwa saratani iliyoua watoto upesi, na kisu cha daktari hakikuizuia. Burkitt alituma dodoso katika hospitali nyingi za Afrika kuuliza iwapo ugonjwa huo ulionekana huko.

Majibu hakuyaacha katika orodha. Aliyatia alama kwenye ramani, na alama hizo zikajipanga kama mkanda uliokatiza Afrika. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari takribani maili 10,000 kwa wiki 10, wakipita Tanganyika hadi Afrika Kusini, kutafuta mwisho wa mkanda huo. Walipolinganisha alama na mwinuko, joto na mvua, waliona kuwa ugonjwa ulikuwa nadra katika milima yenye baridi na sehemu kame. Ulifuata maeneo ya joto na mvua, ambako malaria pia ilikithiri.

Ramani ikazaa swali: je, kuna kiini kinachoambukiza? Mwaka 1964 watafiti wa London walikuta kirusi kipya katika seli zilizooteshwa kutoka vipande vya uvimbe vilivyotoka Uganda. Kinaitwa Epstein-Barr. Burkitt naye alitibu watoto kwa dawa, na baadhi yao wakapona. Alifariki mwaka 1993.

Kumbuka: swali ndilo huchagua mchoro. Ukiulizwa wapi, chora ramani. Ukiulizwa mabadiliko ya miaka, chora grafu ya mstari. Ukiulizwa kulinganisha makundi, chora grafu ya nguzo. Usisahau kichwa, kipimo na ufunguo.

Zoezi: Chora ramani ya kijiji chako, mathalani Kanazi. Onesha mabonde, vilima, vyanzo vya maji na idadi ya waliougua malaria kila kitongoji. Andika sentensi mbili kueleza ramani yako inaonesha nini.