Askofu Muge na ajali ya Kipkaren

Sisi watu wa pwani tuna neno moja lenye sura mbili. Ajali, kama tulivyofundishwa chuoni, ni muda aliopangiwa mja na Mola wake. Barabarani, ajali ni gari kugongana na gari. Sura hizo mbili zilinijia pamoja Agosti 1990, nilipokuwa kijana, redio ilipotangaza kwamba Askofu Alexander Kipsang Muge wa Eldoret amefariki katika ajali. Majuzi nilikuwa Eldoret, nikapita mbele ya kanisa kuu la Mtakatifu Mathayo, nikamkumbuka.

Muge alikuwa Mnandi. Kabla ya kuvaa joho alivaa gwanda, kwani alitumika katika kikosi cha polisi cha GSU. Kisha akaweka bunduki chini akasomea dini, na mwaka 1983 akawa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Kianglikana ya Eldoret.

Zama hizo Kenya ilikuwa chini ya chama kimoja cha KANU, na Rais alikuwa Daniel arap Moi, Mkalenjin mwenziwe. Wengi walitaraji askofu atawaonea haya jamaa zake. Lakini wapi! Alipinga kura ya mlolongo iliyotumika mwaka 1988, akakemea rushwa na unyakuzi wa ardhi. Njaa ilipowapiga wafugaji wa Pokot, alitangaza wazi kwamba watu wanakufa, na wakubwa wakakanusha.

Hapa ndipo penye swali la imani. Wakristo, kama sisi, huamini kwamba Mungu ndiye mwenye amri juu ya kila kitu. Nao huulizana: ikiwa ni hivyo, mbona mja mwema huteseka? Hukirudia kisa cha Ayubu, ambaye nasi twamjua kuwa ni nabii wa subira. Katika kitabu chao, rafiki zake Ayubu hudai kwamba mateso yake ni malipo ya dhambi, na mwishowe Mungu huwakemea rafiki hao. Juu ya hayo, Wakristo husema Mungu mwenyewe alionja mateso msalabani. Hapo njia yetu na yao zaachana, wala sioni haja ya kulificha hilo. Bali funzo la Ayubu ni letu sote: anayeteseka si lazima awe ametupwa na Mola wake.

Nikiyatazama matendo ya Muge, naona hakuichanganya kazi ya Mungu na kazi ya binadamu. Mvua ni ya Mungu. Kupeleka magunia ya mahindi kwa wenye njaa ni kazi yetu, na asiyeyapeleka asimsingizie Mola.

Mwezi huo wa Agosti, Waziri wa Kazi, Peter Okondo, aliwaonya hadharani Muge na Askofu Henry Okullu wasithubutu kukanyaga Busia, la sivyo huenda wasitoke wazima. Tarehe 14, Muge alikwenda. Akaongoza ibada, akasalimiana na watu, akashika njia ya kurudi nyumbani. Alipofika Kipkaren, gari lake na lori la maziwa yakagongana, na askofu akafa. Okondo akajiuzulu. Dereva wa lori akahukumiwa kifungo, akafia gerezani. Miaka mingi baadaye, ofisa wa zamani wa polisi alidai mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano kwamba kifo kile kilipangwa. Mahakama haijathibitisha.

Siku zile nilisikia barazani watu wakisema ajali haina kinga, na mazungumzo yakaishia hapo. Kwa mwenye kufiwa, neno hilo ni faraja. Lakini mwenye dhamana ya kuchunguza akijifunika nalo, amelitumia pasipo mahali pake. Tunaamini kila nafsi ina siku yake, na bado kadhi hamwachi muuaji eti kwa kuwa siku ya marehemu ilikuwa imefika. Angefanya hivyo, pasingekuwa na haja ya kadhi.

Muge alijua amekatazwa njia, na alipanda gari. Saa yake aliiacha kwa Mungu. Wajibu wa kwenda hakumwachia mtu. Hilo laweza kumfaa hata Muislamu aliyekaa barazani Mombasa.