Henry Bergh na Sheria ya Viumbe Wasiosema

Kwa desturi askari hukabidhiwa sheria iliyokwisha kuandikwa, akaamriwa kuisimamia. Ni nadra kumpata mtu aliyeidai sheria, akapewa, kisha akashuka barabarani yeye mwenyewe kuitekeleza. Mtu wa namna hiyo alikuwa Henry Bergh wa New York, ambaye habari zake tumeona vema kuwaletea wasomaji wetu walinzi wa usalama.

Bergh alizaliwa tarehe 29 Agosti, 1813, mjini New York. Baba yake, Christian Bergh, alikuwa muunda merikebu mwenye mali. Kijana aliingia Chuo cha Columbia lakini hakumaliza masomo. Baba alipofariki mwaka 1843 alimwachia urithi uliomwezesha kuzunguka Ulaya na kuandika michezo ya kuigiza ambayo haikumpatia sifa. Hata alipokaribia umri wa miaka 50 hapakuwa na jambo lolote la kumkumbukia.

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Rais Abraham Lincoln alimteua kuwa katibu wa ubalozi katika mji wa St. Petersburg, Urusi. Huko alimwona mwenye gari akimcharaza farasi wake bila huruma, akamwagiza mtumishi wake amzuie. Yule mtu, alipoyaona mavazi rasmi ya ubalozi, alitii mara moja. Bergh akafahamu kwamba mkatili huogopa mamlaka kuliko anavyosikia mawaidha. Alipokuwa akirejea kwao alipitia London, mwaka 1865, akajifunza kazi ya chama cha Kiingereza kilichoundwa mwaka 1824 ili kuwashitaki watesao wanyama.

Mwaka 1866 Baraza la Kutunga Sheria la Jimbo la New York lilikubali maombi yake. Tarehe 10 Aprili chama chake cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilipata hati, na siku tisa baadaye ikapitishwa sheria ya kuwaadhibu wakatili. Maofisa wa chama walipewa uwezo wa kukamata. Bergh, akiwa rais asiyepokea mshahara, alikuwa akizunguka mitaani akisimamisha mabehewa ya abiria yaliyokokotwa na farasi, na kuwateremsha watu pale mzigo ulipozidi nguvu za mnyama. Katika kesi za mwanzo, muuza nyama mmoja wa Brooklyn aliyewarundika ndama garini kama kuni alitozwa faini ya dola 10.

Lakini kumkamata mtu ni jambo moja, na kumtia hatiani ni jambo jingine, kama ajuavyo kila askari aliyepata kusimama kizimbani kutoa ushahidi. Mwaka huo huo wa 1866 Bergh alipanda merikebu iliyotoka Florida na shehena ya kasa. Walikuwa wamelazwa chali safari nzima, mapezi yao yametobolewa na kufungwa kwa kamba. Nahodha na mabaharia wakashitakiwa. Mahakamani ukazuka mjadala kama kasa ni mnyama kwa maana ya sheria ile, na kama huona maumivu kweli. Washitakiwa wakaachiliwa, na magazeti yakamcheka Bergh. Louis Agassiz wa Harvard, mwanasayansi wa wanyama aliyekuwa na jina kubwa nchini humo, alimwandikia kumuunga mkono, ila barua haikuweza kuigeuza hukumu. Sisi tunadhani kesi ile iliyoshindwa ndiyo iliyomfunza zaidi kuliko zote alizoshinda: macho ya mkamataji hayatoshi, shurti awepo mjuzi wa kueleza maumivu na mwanasheria wa kuyafunga maelezo hayo kwenye kifungu cha sheria.

Mwanasheria alimpata kwa Elbridge Gerry, aliyekuwa wakili wa chama tangu mwaka 1870. Nguvu alizipata kwa polisi. Katika mtaa wa Water Street bwana mmoja aitwaye Kit Burns alikuwa na ulingo ambapo mbwa walipiganishwa, na watu wakaweka dau. Kwa muda mrefu Bergh alikuwa akimwandama bila mafanikio. Mwezi Novemba 1870 aliingia humo pamoja na kikosi cha polisi, mchezo ukiwa umepamba moto, na Burns akakamatwa pamoja na watazamaji wake. Burns alikufa mwezi uliofuata.

Mwaka 1867 chama chake kilianzisha gari la kubebea farasi wagonjwa, miaka miwili kabla hospitali ya Bellevue ya mji huo haijawa na gari la kubebea binadamu. Mwaka 1872, homa ilipowaangusha farasi wa mji mzima, alisimama njiani kuwazuia wenye magari wasiwatumikishe wagonjwa.

Kesi iliyompatia heshima kubwa haikuwa ya mnyama. Mwaka 1874 mwanamke mmoja aliyekuwa akiwahudumia maskini, Etta Wheeler, alimletea habari za mtoto Mary Ellen, aliyekuwa akipigwa na mama mlezi. Bergh akamkabidhi Gerry shauri hilo. Mtoto akaletwa mbele ya jaji na makovu yake, na mlezi akafungwa mwaka mmoja. Kutokana na kesi hiyo kikaundwa New York chama cha kuwalinda watoto.

Hakuwa malaika. Aligombana na madaktari waliopasua wanyama hai kwa uchunguzi, asipate sheria aliyoitaka. Na ni ajabu kwamba mtu aliyechukia mijeledi juu ya farasi alitaka wahalifu wa kibinadamu wachapwe hadharani.

Bergh alifariki tarehe 12 Machi, 1888, siku ambayo New York ilizikwa na tufani kubwa ya theluji, akalazwa katika makaburi ya Green-Wood, Brooklyn. Maofisa wa chama chake waliendelea kukamata wakatili mjini humo hadi mwisho wa mwaka 2013. Tangu Januari 2014 malalamiko hupokelewa na polisi wa New York wenyewe: askari hupeleleza na kukamata, na chama hutoa madaktari wa wanyama wa kupima majeraha, kupasua mizoga na kuandaa ushahidi kwa ajili ya mwendesha mashitaka.