Horace Mann

Horace Mann (4 Mei 1796 – 2 Agosti 1859) alikuwa mwanasheria, mwanasiasa na mwanamageuzi wa elimu nchini Marekani.

Maisha

Alizaliwa Franklin, Massachusetts, katika familia ya wakulima. Mwaka 1837 alikuwa katibu wa kwanza wa Bodi ya Elimu ya jimbo hilo. Alizunguka akikagua shule na kuandika ripoti kila mwaka.

Mtihani wa 1845

Mwaka 1844 walimu 31 wa Boston walipinga ripoti yake iliyosifu shule za Prussia. Wakati huo wanafunzi walipimwa kwa maswali ya mdomo, hivyo ilikuwa vigumu kulinganisha shule. Mwaka 1845 kamati aliyokuwemo rafiki yake Samuel Gridley Howe iliwapa maswali yaleyale yaliyochapishwa, wayajibu kwa maandishi. Matokeo yalikuwa mabaya: wengi walikuwa wamekariri bila kuelewa. Mann aliyatangaza katika jarida lake, akiulaumu ufundishaji, si watoto. Baadhi ya walimu wakuu waliondolewa.

Miaka ya mwisho

Alikuwa mbunge (1848–1853), kisha mkuu wa Chuo cha Antioch, Ohio, hadi kifo chake.