Adrien Atiman, Mganga wa Karema

Siku za Jubilei hutukumbusha wale waliotutangulia. Nasi tukiitazama njia ya kale ya misafara, toka Bagamoyo kupita Ugogo mpaka Tabora, na toka Tabora mpaka ziwa la Tanganyika, twaona ya kuwa wengi walioipita hawakuacha hata majina yao. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe, nguo na shanga mabegani mwao, maelfu kwa maelfu. Watumwa wakapelekwa pwani wamefungwa minyororo. Ni nani awezaye leo kuwataja mmoja mmoja? Basi tumependa kuwasimulia wasomaji maisha ya mtu mmoja ambaye aliibiwa kama walivyoibiwa wengine, walakini habari zake hazikupotea.

Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka wa 1866 mahali paitwapo Tundurma, kando ya mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo huitwa Mali. Angali mtoto mdogo, wezi wa watu walimkamata, akauzwa kwa Watuareg, nao wakamvusha jangwa la Sahara. Alipofika Metlili katika nchi ya Algeria, Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha. Huo ulikuwa mwaka wa 1876. Mwenye kumwiba mtoto hamnyang'anyi uhuru tu. Humnyang'anya pia baba na mama, kijiji, lugha, na hesabu ya miaka yake. Atiman hakuwaona tena wazazi wake, ila hakukubali kuwasahau. Jina la Adrien ni la ubatizo; jina la Atiman alikuwa nalo kabla ya kubatizwa, akalishika mpaka kufa.

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka wa 1868, alikuwa na shauri lake juu ya vijana waliokombolewa. Aliona ya kuwa Mzungu hufa upesi kwa homa katika nchi za bara, na ya kuwa Waafrika wenye elimu ya uganga wangefaa kuliko yeye. Kwa hiyo mwaka wa 1881 akafungua nyumba katika kisiwa cha Malta, vijana hao wapate kusoma uganga katika chuo kikuu cha huko. Atiman alikuwa mmoja wao. Mwaka wa 1888 alimaliza masomo, akapanda meli kuja Unguja, apate kwenda bara pamoja na msafara wa Askofu Bridoux.

Siku zile hapakuwa na reli wala barabara. Watu walikwenda kwa miguu miezi kadha wa kadha, wakilipa hongo kwa watawala wa njiani, wakiona njaa na kiu katika nyika. Tabora ndiyo iliyokuwa njia panda ya bara: njia moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji, ya pili kaskazini mpaka Karagwe na Buganda, ya tatu kusini-magharibi mpaka Karema. Ni hapo Tabora ambapo Mapadre wa kwanza, waliotoka pwani mwaka wa 1878, waliagana, wengine wakashika njia ya Nyanza na wengine ya Tanganyika. Atiman aliifikia Karema mwaka wa 1889. Boma la mahali hapo lilijengwa na Wabelgiji mwaka wa 1879, nao wakawapa Mapadre mwaka wa 1885.

Kijana yule aliyeondolewa kwao kwa nguvu alipata kwao kwingine, akakaa miaka 67. Huko alimwoa Agnes, na mtoto wao Joseph akapata upadre mwaka wa 1923. Kazi yake ilikuwa mbili katika moja: kuuguza miili na kufundisha dini. Waliokuja kwake hawakuulizwa kabila wala dini yao. Serikali zilipita mbele ya macho yake. Alifika kabla Wajerumani hawajaishika nchi ile. Akaona vita vya mwaka wa 1914 na majeshi ya Wabelgiji. Kisha wakaja Waingereza. Reli ilifika Tabora mwaka wa 1912 na Kigoma mwaka wa 1914, na njia ya misafara ikaota majani. Mganga yeye alibaki Karema, akafa huko mwaka wa 1956.

Sasa tuulize: kwa nini habari hizi tunazo? Sababu ya kwanza ni kwamba Atiman mwenyewe aliandika maisha yake, nayo yalichapwa mwaka wa 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Hakuwaachia wengine kazi ya kumsemea. Sababu ya pili ni amri ya Kardinali Lavigerie, kwamba kila misheni iwe na kitabu cha habari za kila siku. Vitabu hivyo vimetunzwa mpaka leo katika nyumba ya shirika huko Roma. Sababu ya tatu ni vitabu vya ubatizo na vya ndoa, ambamo hata mtu maskini huandikwa jina, wazazi, wasimamizi na tarehe. Wajukuu wengi hawana hati nyingine ya babu zao ila mstari ule mmoja.

Lakini kuna hazina nyingine ambayo yaharibika mikononi mwetu, nayo ni picha za zamani. Twazo ukutani, masandukuni, na katika vitabu vya sala. Mara nyingi chini ya picha limeandikwa jina la Padre au la Askofu, na wale waliosimama kando yake, makatekista, waashi, wapishi, akina mama, hawakutajwa. Picha isiyo na majina ni kama kaburi lisilo na alama: twajua ya kuwa kuna mtu, hatujui ni nani. Na wazee wawezao kututajia majina hayo wapungua kila mwaka.

Basi yatupasa kufanya kazi ndogo hii kabla ya kuchelewa. Tuzipeleke picha kwa wazee, tuwaulize kila uso. Tuandike nyuma ya picha, pembeni, kwa penseli laini, jina la mtu, mahali, na mwaka. Tusitumie wino, maana hupenya na kuharibu. Tusizibandike kwa gundi. Tuziweke mbali na unyevu, jua na mchwa. Kisha tutoe nakala, moja ibaki nyumbani na moja parokiani, ili moja ikipotea nyingine ipone.

Wezi wa watu walitaka mtoto wa Tundurma asijulikane alikotoka. Hawakufaulu, kwa sababu alikumbuka, akaandika. Wale waliopita Tabora kimya kimya hawakupata nafasi hiyo. Watoto na wajukuu wao tungali tunayo.