Paul Butterfield: Mzungu aliyepiga hodi kwenye nyumba ya blues

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Paul Butterfield hakucheza kwao. Alicheza kwa watu, na bado wenyeji wakamtunza. Alikuwa Mmarekani, mwimbaji na mpulizaji wa harmonika, kile kinanda kidogo cha mdomo, na alifariki mwaka 1987 akiwa na umri wa miaka 44. Nimezisikiliza albamu za bendi yake kwa miaka mingi, na kila nikizisikiliza hunijia suali moja: mtu akiipenda sanaa isiyokuwa yake, aingie vipi? Aivamie, au apige hodi? Maisha ya Butterfield yana jibu, na leo nataka tuyapitie, matamu yake na machungu yake.

Alizaliwa Chicago tarehe 17 Desemba 1942, akalelewa mtaa wa Hyde Park, upande wa kusini wa mji, karibu na Chuo Kikuu cha Chicago. Baba yake alikuwa wakili na mama yake mchoraji. Hakuwa mtoto wa shida. Alifunzwa filimbi kwa nota na mwalimu aliyekuwa mpigaji wa okestra kuu ya mji huo. Alikuwa pia mwanariadha hodari, hata akapata nafasi ya ufadhili katika Chuo Kikuu cha Brown, lakini goti lilimwangusha. Riadha ikaisha, muziki ukamchukua mzima mzima.

Chicago ya wakati huo ilikuwa miji miwili ndani ya mji mmoja. Watu weusi walikuwa wamehamia kwa maelfu kutoka Mississippi na majimbo jirani, wakikimbia ubaguzi na ufukara wa mashamba ya pamba, wakitafuta kazi za viwandani na machinjioni. Walikuja na blues yao ya gitaa kavu. Lakini katika klabu zilizojaa watu na kelele za glasi, gitaa kavu halisikiki, basi wakaliunganisha na umeme. Muddy Waters, aliyefika Chicago mwaka 1943, ndiye aliyekuwa kinara. Alikuwapo pia Howlin' Wolf mwenye sauti ya kutisha, na Little Walter, aliyeifumbata harmonika pamoja na maikrofoni viganjani mwake, ikatoa sauti nene iliyojaza ukumbi kama saksafoni.

Klabu hizo zilikuwa safari fupi tu kutoka kwa kina Butterfield, lakini vijana wa Kizungu hawakwenda huko. Yeye alikwenda. Akifuatana na rafiki yake Nick Gravenites, alikuwa akienda Smitty's Corner, alikokuwa akipiga Muddy Waters, akakaa kitako na kusikiliza. Wazee wale walimzoea, na mwishowe Muddy akamruhusu kupanda jukwaani. Hakuna chuo kilichofundisha somo lile. Alijifunza kama wanagenzi wanavyojifunza, kwa kukaa karibu na fundi na kutazama mikono yake. Jambo la ajabu ni kwamba aliishika harmonika juu chini, sauti za chini zikawa upande wa kulia, na hakubadilisha mpaka mwisho wa maisha yake.

Chuoni alikutana na Elvin Bishop, kijana wa Oklahoma aliyekuja kusoma fizikia lakini moyo wake uko kwenye gitaa. Mwaka 1963 Butterfield alipata kazi ya kudumu katika klabu iitwayo Big John's, upande wa kaskazini, kwa Wazungu. Angeweza kukusanya vijana wenzake na kuuiga muziki wa wazee kwa bei rahisi. Badala yake alimfuata Sam Lay, mpiga ngoma, na Jerome Arnold, mpiga besi, wote wawili watu weusi wa bendi ya Howlin' Wolf, akawapa malipo mazuri zaidi, wakajiunga naye. Msomaji aukumbuke mwaka wenyewe. Sheria kubwa ya haki za kiraia ya Marekani ilikuwa bado haijapitishwa. Ilipita mwaka 1964. Bendi ya weusi na weupe wakipanda jukwaa moja na kulala safari moja haikuwa jambo dogo.

Kampuni ya Elektra ikawachukua, na mtayarishaji wao, Paul Rothchild, akamleta Mike Bloomfield, mpiga gitaa wa hapohapo Chicago ambaye vidole vyake vilikuwa moto. Walirekodi albamu nzima, na maelfu ya nakala yakachapishwa. Rothchild akaisikiliza tena, akaona haijafikia kiwango, akamshawishi mwenye kampuni aitupe. Wakajaribu kurekodi moja kwa moja ukumbini New York. Hiyo nayo ikawekwa kando. Jaribio la tatu ndilo lililotoka mwaka 1965 kwa jina la bendi yenyewe. Hata mpiga kinanda, Mark Naftalin, alialikwa wakati wa kurekodi, akabakia humo. Nyuma ya jalada waliwashauri wasikilizaji waifungulie sauti hadi mwisho. Ukiisikiliza leo utafahamu kwa nini. Ni muziki wa mabega na jasho, na humo Sam Lay anapewa nafasi ya kuimba wimbo uliokuwa maarufu kwa Muddy Waters.

Julai mwaka huohuo walialikwa kwenye tamasha la muziki wa asili la Newport. Alan Lomax, mtaalamu aliyemrekodi Muddy Waters huko Mississippi mwaka 1941, aliwatambulisha kwa maneno ya dharau, akionekana kutilia shaka kama vijana hawa wenye mitambo ya umeme waliijua blues. Albert Grossman, meneja aliyekuwa akitaka kuwasimamia, alikasirika, na wazee hao wawili wakashikana mwilini mbele za watu. Siku iliyofuata Bob Dylan alipanda jukwaani na gitaa la umeme, akipigiwa na Bloomfield, Lay na Arnold, na mzozo ukawa mkubwa zaidi. Nikilitazama tukio hilo, naona Lomax alikuwa na haki ya kuilinda blues, lakini aliowashuku walikuwa na wanafunzi wa Howlin' Wolf ndani yao. Umeme haukuletwa na Wazungu. Muddy mwenyewe alikuwa ameshautumia miaka mingi.

Albamu ya pili, East-West, ilirekodiwa Julai 1966 katika studio za Chess, Chicago, kampuni iliyowarekodi Muddy na Wolf. Sam Lay alikuwa ameugua, na mahali pake akaingia Billy Davenport, mpiga ngoma mweusi aliyezoea jazi. Wimbo uliobeba jina la albamu ni wa dakika 13, bila maneno. Bloomfield alikuwa amezama katika raga za Kihindi, na wimbo huo unatulia juu ya mhimili mmoja huku magitaa na harmonika vikipokezana, vikipanda na kushuka. Mimi niliyekulia Pwani, ambako taarab ya Mombasa imebeba tuni za Kihindi tangu zama za wazazi wetu, sikuhitaji kufasiriwa. Albamu ilitoka Agosti 1966. Mwezi huohuo Martin Luther King alipigwa jiwe Chicago akiandamana kudai haki ya watu weusi kuishi mtaa wowote. Mji ulikuwa ukirushiana mawe barabarani, na bendi hii ya rangi mbili ilikuwa ikitoa albamu iliyorekodiwa humo humo.

Bloomfield aliondoka mwaka 1967. Butterfield akaongeza tarumbeta na saksafoni, mmoja wa wapigaji akiwa David Sanborn, aliyekuja kuwa na jina kubwa baadaye. Albamu ya tatu ilipewa jina la utani la Elvin Bishop, kuashiria kurudi kwake kwenye gitaa la mbele. Agosti 1969 bendi ilipiga Woodstock. Albamu ziliendelea mpaka 1971, kisha bendi ikavunjika. Zile mbili za mwanzo ndizo zilizowafungulia njia vijana wengi wa Marekani waliotaka kupiga blues kwa umeme.

Wako wanaosema Butterfield alivuna asichopanda. Sauti ya watu weusi ikamletea yeye mikataba na matamasha, huku waliomfundisha wakibaki kwenye klabu ndogo. Nakubali, uwanja haukuwa sawa, na rangi yake ilimfungulia milango iliyofungwa kwa walimu wake. Lakini alipopita hakuufunga mlango nyuma yake. Mwaka 1969 alirudi Chess pamoja na Bloomfield na Sam Lay kurekodi na Muddy Waters na mpiga piano wake Otis Spann. Albamu iliitwa Fathers and Sons, yaani akina baba na wana, na ikafika nafasi ya 70 kwenye chati ya Billboard, soko ambalo Muddy hakulizoea. Mwaka 1975 akawa naye tena katika albamu iliyorekodiwa Woodstock, na hiyo ikampatia Muddy tuzo ya Grammy. Mwaka uliofuata, katika tamasha la mwisho la The Band, alisimama pembeni ya mzee wake akimpulizia harmonika. Muddy hakulazimishwa na mtu. Bwana yule alikuwa akijua nani alikuja kujifunza na nani alikuja kuchuma.

Mwisho wake ni mchungu. Kuanzia 1980 tumbo lilimsumbua kwa maambukizi makali, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja. Pombe alikuwa ameizoea kitambo, na heroini ikafuata. Bloomfield alimtangulia: alikutwa amekufa ndani ya gari San Francisco, Februari 1981, akiwa na miaka 37 tu, kwa dawa za kulevya. Butterfield hakuzinduka. Tarehe 4 Mei 1987 alikutwa amekufa nyumbani kwake Los Angeles, kwa dawa hizohizo zikichanganyika na pombe. Sisi wa Pwani hatuna haja ya kuelezwa unga hufanya nini. Tumewazika vijana wenye vipaji vyao. Ninachoweza kusema ni kwamba kipaji si kinga, wala wapenzi wa muziki wako hawawezi kukuokoa usiku ukiwa peke yako.

Bendi yake iliingizwa kwenye jumba la heshima la muziki wa rock mwaka 2015, miaka 28 baada ya kifo chake. Kwangu mimi, heshima kubwa zaidi aliipata mapema, pale Muddy Waters alipomwita jukwaani. Ukitaka kumsikia, anza na albamu ya 1965, fuatisha East-West, kisha malizia na Fathers and Sons. Katika hiyo ya mwisho usimsikilize Butterfield peke yake. Sikiliza jinsi anavyonyamaza mzee anapoimba, na anavyosubiri mpaka aachiwe nafasi ndipo apulize.